Oktoba Tuliyopepea Samaki

Ni kweli, tulikuwa tunapepea samaki. Nimelikana jambo hili tangu utotoni, hadi shule ya bweni, ambako Zuhura, jirani yetu wa Chemchem, alilitangaza kabla hata sijatandika kitanda. Nililikana mbele ya wasichana waliokuwa wakinipepea kwa sahani kila nilipoingia bwaloni. Nililikana chuo kikuu, nikalikana kwa mchumba ambaye sasa ni mume wangu, na mwaka jana tu, Zuhura huyohuyo alipolifufua kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja, niliandika kwamba kumbukumbu zake zimeanza kushika kutu. Leo nakiri. Nyumbani kwetu Chemchem, Tabora, watoto tulipangiwa zamu za kuwapepea samaki kwa pepeo la kuwashia mkaa, na zamu ya baada ya chakula cha mchana, ile ya jua kali kuliko zote, ilikuwa yangu.

Ninyi wa rika langu mtanielewa kwa nini nilikana. Sisi tukikutana hushindana kwa shida. Huyu atasema alikwenda shule peku, yule atasema aligawana daftari na kaka yake, mmoja akiandika kwa mbele na mwenzake kwa nyuma. Katika mashindano ya namna hiyo huwezi kusimama ukasema kwamba sebuleni kwenu kulikuwa na samaki wa kutazamwa. Utaonekana mtoto wa waziri. Na hakuna atakayekusikiliza ukieleza kwamba wewe nawe ulikwenda shule peku, matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, mfukoni, na kwamba ukirudi uliwakuta samaki wana hali bora kuliko yako.

Baba alikuwa gadi wa treni, njia ya Tabora na Kigoma. Magadi wenzake walirudi kutoka Kigoma na mawese, dagaa na migebuka iliyokaushwa, na mtaa mzima ulijua kwa harufu tu nani amerudi safari. Baba alirudi na ndoo ya plastiki yenye mfuniko uliotobolewa matundu, akiikumbatia kama mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na samaki wadogo wa ziwani, wengine wenye mistari ya njano na nyeusi, wengine bluu iliyokolea kama wino. Alikuwa amewanunua kwa vijana wanaozamia kwenye miamba. Alipenda kutuambia kwamba njia ileile, kutoka Ujiji hadi Unyanyembe, misafara ya zamani ilipitisha pembe za ndovu vichwani mwa watu, miezi na miezi, na kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kupitisha samaki wakiwa hai, tena daraja la pili.

"Wanaume wote wanaleta samaki wanaoliwa," mama alisema siku ile ya kwanza, akichungulia ndoo. "Wangu ameleta wanaokula."

Fundi mmoja wa karakana, rafiki yake baba, alichomelea fremu ya chuma, wakaipachika vioo vya madirisha na kuziba pembe kwa puti. Sanduku likavuja wiki nzima, likazibwa tena, mwishowe likatulia. Liliwekwa sebuleni juu ya meza ambayo mama alikuwa ameinunua kwa kazi nyingine. Majirani walikuja kutazama. Wengi waliuliza swali moja: wataliwa lini? Baba akijibu kwamba hawaliwi, walimtazama mama kwa huruma.

Sasa mama alikuwa mpishi wa maandazi. Alikanda unga watu wamelala, na jua likichomoza alikuwa kibarazani kando ya barabara na ndoo yake iliyofunikwa kitambaa. Maandazi ya mama yalikuwa na iliki, na wateja wake wa kweli walikuja na asali yao kwenye kichupa, asali ya Ipole iliyokolea rangi ya chai ya rangi, wakachovya palepale. Lakini maandazi yakikaa ndani ya ndoo hutoa jasho. Yakifika saa nne yalikuwa yamelegea kama shavu la mzee. Na ng'ambo ya barabara alikuwapo mama mwingine, ambaye maandazi yake, kwa maoni yangu ambayo hayana upendeleo wowote, yalikuwa magumu kama sabuni ya mche, ila aliyapanga ndani ya kabati la kioo. Mpita njia aliyaona kwa mbali, yamepangwa, yanameta, nzi wako nje wanaomba ruhusa. Wateja walianza kuvuka barabara. Mama akawa anarudi nyumbani na maandazi yaliyobaki, anayaweka mezani, kisha anasimama kulitazama sanduku la kioo la mumewe kwa muda mrefu. Sisi tulidhani anatazama samaki.

Yakaja majira ya joto. Oktoba ya Tabora hamuhitaji kusimuliwa ninyi mlioiishi, lakini wanangu wanadhani natia chumvi, kwa hiyo acheni niseme. Mvua haijaja na vumbi limekaa hewani halitaki kushuka. Mabati yanalia ta, ta, ta yakijinyoosha juani. Kuku wanatembea midomo wazi, mabawa yameachana na mbavu. Maembe yapo lakini bado ni ya kula kwa chumvi na pilipili, na tukiyala tunakatazwa kunywa maji, nasi tunakunywa. Tulicheza rede na kombolela asubuhi na jioni. Mchana hata Shija, kaka yangu, ambaye angeweza kusukuma gari lake la waya kutoka Chemchem hadi stesheni bila kupumzika, alijilaza sakafuni tumbo wazi, shavu kwenye saruji. Maji ya bomba yalitoka ya moto bila kuni.

Na samaki wakapanda juu. Walijipanga chini ya uso wa maji, midomo ikifunguka na kufumba, kama waumini wanaosoma dua moja. Baba alitia kidole majini, akakitoa upesi. Ziwa lao, alisema, lina kina kirefu na halijui mambo haya.

Hapo ndipo mama alipotoa hoja yake, mezani, mbele yetu sote. Hakupandisha sauti. Alisema sanduku ni la kioo, kioo hakijali kina nini ndani. Alisema yeye hana ugomvi na viumbe wa Mungu. Lakini kama watakufa, wafe mara moja tujue, kwa sababu yule mama wa ng'ambo hangojei. Kisha akatoa sharti: samaki wakivuka hadi mvua ya kwanza, wote, basi hatalizungumzia tena sanduku hilo maisha yake yote. Akifa hata mmoja kabla ya mvua, sanduku linahamia kibarazani, na baba ndiye atakayelibeba.

"Nimekubali," baba alisema. Alipenda sana samaki wake, na alikuwa na ile kasoro ya wanaume wa reli ya kuamini kwamba kila kitu kinaweza kupangiwa ratiba.

Ratiba aliipanga kweli. Gunia la katani lililoloweshwa maji lizungushiwe sanduku pande tatu. Chini ya meza beseni, gunia lining'inie hadi humo lisikauke. Upande wa mbele ubaki wazi ili samaki waone watu, kwa sababu baba aliamini samaki asiyeona watu anapata unyonge. Kisha mtoto mmoja akae na pepeo, apige upepo kwenye gunia lenye maji bila kuchoka, abadilishwe na mwenzake. Alituonyesha kwa kutulowesha mikono na kutupuliza, akasema ndivyo mtungi unavyopoza maji pale kwenye kona, sisi tutaufanya ule uvivu wa mtungi kuwa kazi. Na maji kweli yalipoa. Hadi alasiri samaki walikuwa wameshuka chini wanatembea na shughuli zao, na sisi waokoaji wao tulikuwa tunatiririka jasho.

Jamani, kazi ile. Mkono unauma hadi kwenye shingo. Usingizi wa mchana unakuja, pepeo linapunguza mwendo, na baba, kama yuko nyumbani, anakohoa kutoka chumbani. Akiwa safarini alituachia maneno yake: "Samaki hana kwapa. Mkiacha kupepea, atatolea wapi jasho?" Sijawahi kupata jibu la swali hilo, na nina shahada mbili. Zuhura alikuwa akija kunifuata tucheze, ananikuta nimekaa kwenye kigoda mbele ya sanduku, napepea. Alisimama mlangoni akicheka hadi akashika fremu. Nilimwambia nafukuza nzi. Huo ndio ukanaji wangu wa kwanza.

Kisha tukafanya kosa ambalo nadhani lingeweza kufanyika Tabora peke yake. Baba alikuwa Kigoma. Gunia letu lilikuwa limeoza kwa kulowa kila siku, likachanika. Shija, ambaye alikuwa mkubwa wetu na mwenye mawazo, alikumbuka kwamba mjomba aliyetoka Sikonge aliacha gunia zuri, zito, nyuma ya mlango wa stoo. Tukalitoa, tukalilowesha. Tena Shija akaboresha mpango wa baba: badala ya kulichovya kwenye beseni peke yake, akalitandaza gunia hadi juu, ncha yake ikaingia ndani ya sanduku kabisa, ili linyonye maji huku na huku. Nilimsifu. Nikakaa kwenye kigoda nikapepea kwa moyo.

Lilikuwa gunia la kufungia tumbaku. Harufu tuliisikia, lakini mtoto wa Tabora wa miaka ile kuisikia tumbaku ilikuwa sawa na kusikia hewa. Mabwana shamba walinukia hivyo, malori yalinukia hivyo, nguo za mjomba zilinukia hivyo hata zikitoka kufuliwa. Maji yakaanza kuwa na rangi ya chai isiyokolea. Mimi nikadhani ni vumbi. Samaki nao wakaanza kuogelea kiubavu, mmoja akazunguka palepale kama mlevi anayetafuta mlango wa kwao.

Aliyegundua ni mama. Alipitia sebuleni, akanusa, akalinyaka gunia lile akalitupa uani, na kabla hatujasema neno alikuwa ameshachota maji ya mtungi, yale ya kunywa, yenye ubaridi, anamwaga machafu kwa kopo na kujaza masafi, kopo kwa kopo, huku akitutukana kwa Kinyamwezi, lugha aliyoitunza kwa mambo mazito. Tulimsaidia kuchota. Jioni samaki walikuwa wamenyooka, wote isipokuwa yule wa mistari ya njano, mkubwa wao, kipenzi cha baba. Yeye alielea.

Tulijua maana yake. Shija alinong'ona kwamba tumfukie na tusiseme. Lakini mama alikuwa amesimama palepale, amemshika samaki yule kiganjani, na sharti lilikuwa lake.

Baba aliporudi alihesabu kabla hata ya kuvua kofia ya kazi. Tukamweleza. Hakutupiga, tungependa angetupiga. Alikaa, akavuta pumzi, kisha akasimama mbele ya mama kama mtu aliyeshindwa kesi na kusema sanduku ni lake, amwambie tu alipeleke lini. Mama alikuwa anapepeta unga. Akamwambia ale kwanza.

Kesho yake hakusema kitu. Keshokutwa hakusema kitu. Baba akawa anaishi kama mtu anayesubiri barua ya uhamisho. Akiona mama anatazama upande wa sanduku, anaanza kulifuta vumbi, kuonyesha kwamba liko tayari. Mama wa ng'ambo akaongeza vitumbua kwenye kabati lake. Mama yetu akaendelea kubeba ndoo yake na kitambaa chake. Gunia jipya likapatikana, safari hii la mchele, zamu zikaendelea, nami nikapepea kuliko zamani, kwa kuwa nilikuwa na deni la marehemu. Hatimaye siku moja upepo ukabadilika, kukanukia udongo, mvua ikashuka juu ya mabati kwa kishindo hadi hatukusikizana. Tukatoka nje tukaogea uchi hadi tukatetemeka. Tuliporudi ndani sanduku lilikuwa palepale, na lilikaa palepale hadi sisi sote tulipoondoka nyumbani kwenda kusoma, na puti ikachoka, likafa kifo chake cha kawaida. Mama aliuza maandazi ya ndoo hadi alipostaafu.

Kwa nini hakulichukua? Hili ndilo lililotugombanisha miaka yote, kila tulipokutana, Iddi kwa Iddi na harusi kwa harusi. Baba alisema mama aliwapenda samaki kimyakimya. Ushahidi wake ni yale maji ya mtungi. Shija alisema mama alimhurumia baba. Mimi, ambaye hadharani sikuwahi kupepea samaki yeyote, moyoni nilikuwa na jibu langu: mama aliniona ninavyotoka jasho, akaona haya jasho hilo lipotee bure. Hiyo ndiyo kazi ya maisha yangu ninayojivunia, na sikuweza kuiandika kwenye wasifu wowote. Mama mwenyewe tukimuuliza alicheka na kutuma mtu chumvi.

Oktoba hii joto limetukuta na umeme wa kukatika. Binti yangu Rehema, aliye nyumbani anasubiri kuanza chuo, anafuga samaki wake wa madaha waliokuja na basi kutoka Dar, mikia kama magauni ya bi harusi. Sanduku lake lina taa, lina pampu, lina mawe ya waridi, na lina kifaa cha kupasha maji joto, ambacho hapa Tabora ni sawa na kumzawadia samaki sweta. Juzi mchana umeme ulikatika, samaki wakapanda juu wakifungua midomo. Rehema aliuliza simu yake. Simu ikamshauri anunue mashine ya kupoza maji, inayotumia umeme. Akaiuliza tena kwa maneno mengine. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni najifanya nasoma gazeti, lakini sikuweza kuitazama midomo ile. Nikaenda jikoni nikarudi na gunia la mchele limelowa, beseni, na pepeo.

"Mama, unafanya nini?"

"Kaa pale, piga upepo hapa. Usiache."

Alinitazama kama Zuhura alivyonitazama, ila huyu alipiga picha kwanza. Kisha akakaa akapepea. Baada ya muda akabadilisha mkono, baada ya muda mwingine akaniuliza kama hakuna programu ya hii. Alasiri samaki walikuwa wameshuka chini. Ndipo nikamsimulia yote, na yeye, mtoto wa kizazi kinachoamini lolote likiwa na video, akakataa kuniamini. Akasema haiwezekani watoto wote wa nyumba moja wakubali kukaa hivyo Oktoba nzima bila kulipwa.

Nikamtazama. Nyumbani kwangu kila chumba kina feni, na kila feni imeelekezwa uso wa mwenyewe. Umeme ukiwapo kila mtu amejifungia na upepo wake; sebule tunaitumia umeme ukikatika. Kwetu kulikuwa na pepeo moja la ukili, limeungua ncha kwa mkaa, na lilipita mkono hadi mkono. Sisemi tulikuwa watu wema zaidi. Tungepewa feni tungeiiba. Lakini nikikumbuka ile michana mirefu, bati likilia juu na gunia likidondosha maji tone tone, Shija anahesabu kwa sauti ili zamu yake iishe, natamani nirudishiwe hata saa moja ya uchovu ule.

"Nampigia bibi," Rehema akasema. "Yeye hadanganyi."

Wazazi wangu wamehamia Ipole, baba anafuga nyuki siku hizi, ambao angalau wana mabawa ya kujipepea. Simu yao inatundikwa kwenye msumari karibu na dirisha, mahali pekee panaposhika mtandao, na anayetaka kuzungumza husimama hapo. Iliita muda mrefu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu yuko mizingani, kama ndiye unayemtaka, mrudie baadaye."

Rehema akacheka, akaweka spika, akauliza kama ni kweli mimi nilikuwa napepea samaki. Mama akasema ni kweli, tena nilikuwa hodari, kuliko Shija. Nilihisi miaka yote ya aibu inalipwa. Nikasogea kwenye simu, nikamwamkia, na kwa kuwa nilikuwa na shahidi na moyo umenijaa, nikamuuliza lile la siku zote: samaki yule alipokufa sanduku lilikuwa lake kwa haki, na biashara yake ilikuwa inaondoka inavuka barabara. Kwa nini hakulichukua?

Safari hii hakuagiza chumvi.

"Nyamizi mwanangu," akasema, "mimi nilikuwa naamka kukanda mmelala, nasimama kwenye mafuta ya moto, nasimama juani. Mchana nikirudi, chumbani ni tanuri. Nikawa natandika mkeka pale sebuleni, nyuma ya meza. Hukuwahi kuniona kwa sababu ya gunia. Wewe unapepea mbele, upepo unapita kwenye gunia lenye maji, unatokea kwangu. Baridi, mwanangu. Nililala usingizi ambao sijawahi kuupata tangu niolewe."

Rehema aliniziba mdomo kwa kiganja, maana nilikuwa nataka kusema kitu.

"Sasa niambie," mama akaendelea, "ningeyaweka maandazi mle ndani, nani angeyapepea?"